Kiti Alichokipaka kwa Ajili ya Mama Mkwe

"Mnanionea bure," alilalamika marehemu, akiwa amepiga magoti sebuleni kwake. "Kiti hakina kosa. Kosa ni la mvua." Mama mkwe wake alikuwa sakafuni chini ya meza, kikombe bado mkononi. Mambo yalifikaje huko? Ni vizuri kuanza mwanzo.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya baba yake, seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976 na ya ufundi mwaka 1981. Somo alilolipenda ni kemia, na siku ya kuaga, mwalimu wake alifurahi kuliko yeye, maana maswali yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha vifaa vya hospitali, chumba cha kuchovya mirija, akabaki humo hadi kustaafu. Alipaka dawa mirija ya plastiki inayopitisha damu. "Damu ina maringo," alikuwa akitueleza mezani, tupende tusipende. "Ikigusa plastiki tupu inajiona ugenini, inagoma, inaganda. Ipake plastiki dawa inayoshika maji ikateleza, damu itapita ikidhani iko kwao." Wenzake walimwita Utelezi, naye akaitika.

Tarehe 2 Septemba 1989 alimuoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa mabinti wawili. Mama mkwe alipoahidi kuja mara ya kwanza, marehemu alitaka viti vyake vya plastiki ving'ae, akavipaka mabaki ya dawa ya kazini. Ikiwa kavu, dawa ile haina neno. Ikilowa, hata nzi hatui. Mama mkwe akaingia na gauni limelowa mvua, akapewa kikombe cha chai, akakaa, akaenda zake chini ya meza, kiti kikabaki. Marehemu hakumwinua. Alipiga magoti, akakipapasa kiti kwa kidole, akasema, "Imeshika vizuri."

"Sema pole," mkewe akamnong'oneza.

"Pole ya nini? Kazi imetoka safi."

Mama mkwe akaapa hatakaa kitini tena katika nyumba ile mpaka aambiwe pole. Akatimiza. Chai alikunywa wima. Wajukuu aliwabembeleza wima. Vichwa vigumu viwili, na binti yake katikati.

Mwaka 2021 figo za marehemu zilishindwa kazi. Alisafishwa damu kwa mashine, kwa mirija iliyotoka chumba chake mwenyewe cha kuchovya, na wauguzi walichoka kukaguliwa. Mama mkwe alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akaitazama damu ikitoka, ikizunguka, ikirudi bila kukwama.

"Ndiyo ile ya kiti?"

"Ndugu yake, mama."

"Hapa imepata mahali pake."

Marehemu akasema, "Mama, pole kwa siku ile."

"Nitafikiria," akajibu, akaondoka bila kukaa.

Alifariki Jumatano, tarehe 7 Februari 2024, alfajiri, hospitalini, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, sisi dada zake watatu, mama mkwe, na viti vinne ambavyo hakuna anayethubutu kuvilowesha.

Juzi, watu wamejaa msibani, mama mkwe aliingia na gauni limelowa mvua. Akapewa kochi, akalikataa. Akataka kiti kile kile. Wajukuu wakakimbilia kitambaa, akawazuia. Akashuka taratibu, mjukuu huku na mjukuu huku, akakaa.

"Mwambieni nimeshapoa," akasema.

Alale salama kaka yetu. Hadaiwi tena.