Saini Tisini na Nne za Shule

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la kijiji chetu cha milimani, Stalderried, limeegemea ukuta unaopata jua kabla ya nyumba nyingine zote. Hata mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala mapaani, sisi wanne tunakaa hapo na kahawa yetu yenye tone la pombe ya mapeasi. Mimi naitwa Honi, kwa sababu niliendesha basi la manjano la posta miaka thelathini na mmoja na sikuiacha kona hata moja bila kupiga honi. Katiba ni Melchior, kinyozi mstaafu, penseli sikioni, anayeijua sheria ya kijiji kifungu kwa kifungu. Asilimia ni Alois, mfuga ng'ombe ambaye hajawahi kuona kodi iliyo ndogo ya kutosha. Na Mama Walburga hana jina la utani, maana kila aliyejaribu kumpa alijuta. Jumapili ile tulikuwa tumewaka. Halmashauri ilikuwa imeamua kimyakimya kuifunga shule yetu: kanuni inataka watoto kumi na watano, nayo imebaki na kumi na mmoja. Tukapita mlango kwa mlango, tukapata saini tisini na nne, na kwa saini hizo uamuzi ukarudishwa kwa wananchi. Saa tano kamili asubuhi hiyo, kwenye ukumbi wa shule, mikono ilikuwa inyooshwe kupiga kura.

Katiba: Leo mfalme nani?

Walburga: Sisi!

Katiba: Sijasikia!

Walburga: Sisi, bana! Unataka niamshe na makaburi?

Katiba: Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Halmashauri watajua leo.

Asilimia: Kweli kabisa. Mimi nitapiga kura shule ifungwe.

Tuligeuka wote watatu kwa mpigo, na kahawa yangu ikamwagika gotini.

Walburga: We Asilimia! Si ulisaini? Nilikushikia karatasi mwenyewe, hapo mlangoni kwako, mbwa wako ananing'ang'ania buti!

Asilimia: Nilisaini tuamue. Sikusaini tuamue nini.

Walburga: Shenzi wewe.

Katiba: Mwacheni, ana haki. Kifungu cha kumi na mbili.

Asilimia: Umeona? Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana nataka kodi ipungue.

Mimi: Methali hiyo ni ya kuongeza, mzee, si ya kupunguza.

Asilimia: Inategemea kibaba ni cha nani.

Hapo Katiba akachomoa penseli sikioni, na ukimwona amefanya hivyo ujue asubuhi imekwisha. Alikuwa amegundua jambo, akasema, na jambo hilo lilimnyima usingizi wiki nzima: mwananchi mmoja, mmoja tu, akisimama mkutanoni anaweza kuongeza pendekezo juu ya pendekezo. Haombi ruhusa ya mtu.

Katiba: Kwa nini tuishie kwenye kufunga au kutofunga? Tuamue na masomo! Mimi nasimama, nasema: jedwali la saba, lifundishwe au lisifundishwe, mikono juu.

Asilimia: Tukifika huko, tupigie kura na majibu. Saba mara nane iwe hamsini. Ni rahisi kukumbuka.

Mimi: Hamsini na sita, Asilimia.

Asilimia: Kwa sasa, ndiyo. Wananchi hawajaulizwa.

Walburga: Mimi nataka diwani kila Jumatatu asimame hapa dukani, aulizwe maswali na yeyote aliyekuja kununua mkate. Asiyejibu vizuri anafagia theluji.

Katiba: Andika hiyo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni mimi, ni wewe, ni mnunua mkate!

Nikasikia damu inachemka. Mimi si msemaji. Tangu nipate haki ya kupiga kura sijasimama mkutanoni hata mara moja, nanyoosha mkono tu na kuushusha. Lakini siku hiyo ulimi ulikuwa unaniwasha.

Mimi: Na theluji! Tupige kura isianguke tena kwenye kona ya kinu. Mara tatu basi lilinitelezea pale.

Katiba: Theluji ni ya mkoa, haiko chini yetu.

Akafikiri kidogo.

Katiba: Lakini tunaweza kukusanya saini.

Basi ikawa moto juu ya moto. Katiba akapendekeza benchi lenyewe liwe mamlaka: likutane kila siku saa tatu, na linaloamuliwa hapo liwe sheria mpaka jioni. Tukapiga kura. Wawili ndiyo, wawili hapana. Katiba akasema kura zikilingana mwenyekiti ndiye huamua. Tukapiga kura ya mwenyekiti. Kila mtu akapata moja.

Tulikuwa tunacheka mpaka machozi alipotokea Graciete, anatoka upande wa shule, mikono myekundu kwa maji ya kupigia deki. Yeye ndiye msafishaji wa shule, Mreno, yuko Stalderried mwaka wa kumi na nne. Mabinti zake wawili wamo katika wale kumi na mmoja. Huwa anapita, anasalimia, anaendelea. Siku hiyo alisimama.

Graciete: Samahani, wazee. Nimesikia kelele mpaka ukumbini. Ni kweli mtu mmoja anatosha kuleta pendekezo?

Katiba: Mmoja tu, mwanangu! Yeyote!

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa aproni, iliyokunjwa mara nne. Akaisoma polepole, na lafudhi yake ile inayopanda mwisho wa sentensi. Alisema hivi. Watoto watano wa kitongoji cha Hinteregg wanateremka kila siku shule ya bondeni, wanaipita yetu mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu saa sita mchana mtoto hurudi nyumbani kula, ndiyo desturi, na wazazi wa Hinteregg wako kiwandani, hakuna mtu jikoni. Bondeni wanalishwa. Basi yeye na akina mama watatu watapika supu na viazi, watoto wawe wanakula pale pale darasani. Ameshapanda Hinteregg kuzungumza na wazazi. Wote watano wamekubali.

Graciete: Kumi na mmoja na watano, kumi na sita.

Watoto wale watano niliwabeba mimi, miaka yangu ya mwisho kwenye basi. Kila asubuhi nilikuwa nawapitisha mbele ya shule yetu, napiga honi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini wanaipita. Nilijisikia mjinga, na nilifurahi mno hata sikujali.

Walburga: Tumezunguka mlango kwa mlango mwezi mzima. Kwako tuligonga?

Graciete: Hapana, mama. Mimi sina saini ya kuwafaa.

Katiba: Liwasilishwe! Liwasilishwe leo leo! Mwananchi yeyote...

Alikuwa amekumbuka kwamba Graciete hana uraia.

Graciete: Najua. Nimepanga viti mwenyewe asubuhi hii. Viti mia na arobaini vya wapiga kura, na kumi kando ya ukuta, vya wageni. Karani aliniambia nifunge kamba katikati.

Mama Walburga akaweka kikombe chini.

Walburga: Ukuta upi? Wa upande wa ngazi za mazoezi ya viungo?

Graciete: Huo huo.

Walburga: Nilikaa hapo. Mpaka nilipotimiza miaka ishirini na saba, wanawake walipopewa kura. Wanaume wanaamua barabara, maji, kila kitu, sisi tunafuma soksi ukutani. Kuna baridi sana pale, inapanda kutoka sakafuni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, si ndivyo tunavyosema? Huyu tumempa ufagio miaka kumi na minne, na bado ni mgeni!

Asilimia: Sheria ni sheria, Walburga.

Walburga: Nyamaza, Alois, nisije nikakupiga na mkate.

Katiba alikuwa anafunuafunua kijitabu chake cha sheria za kijiji. Akapata alichokitaka.

Katiba: Kuna njia! Mgeni haleti pendekezo. Lakini mwananchi anaweza kulileta, halafu akauomba mkutano umsikilize mgeni alieleze. Asipopinga mtu, anasema. Ila anayeomba lazima asimame na amtaje mgeni huyo, jina kamili, karani aandike.

Walburga: Nitalileta mimi.

Mimi: Hapana.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Wote walinitazama, hata mimi ningejitazama kama ningeweza.

Mimi: Watoto wale niliwabeba mimi. Nitasimama mimi.

Moyo ulikuwa unanipiga kama wa kijana anayekwenda kuposa. Walburga akanipiga kofi la mgongoni, Katiba akanipa penseli bila sababu yoyote, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Graciete akatabasamu. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayetaka kuhakikisha shughuli iende sawa:

Graciete: Naitwa nani?

Mimi: Graciete.

Graciete: Jina kamili, mzee Honi. Karani ataandika nini?

Nikamtazama Katiba. Katiba, mwenye vifungu vyote kichwani, akatazama kijitabu. Walburga akaanza kupanga vikombe. Hata Asilimia, ambaye ana maoni juu ya bei ya kila kitu bondeni, alikuwa ameinamia viatu vyake. Nimembeba kwenye basi langu, nimekanyaga sakafu aliyoipiga deki, nimekula keki yake siku ya sherehe ya shule. Miaka kumi na minne. Niliona aibu iliyonichoma masikio.

Kengele ya kanisa ikagonga, imebaki robo saa. Graciete akanipokonya penseli taratibu, akageuza karatasi, akaandika jina lake. Lilikuwa refu, maneno matano, lina vijistari na vimikia juu na chini.

Graciete: Graciete da Assunção Pimentel Queirós.

Mimi: Graciete da Asu... da Asun...

Graciete: Assunção. Sauti ya mwisho ipitie puani.

Tukaondoka pale mbio mbio, kahawa tumeiacha kwenye benchi, wazee wanne tunapanda mwinuko wa shule tunalipitisha puani jina la mtu. Katiba alilikosea mara mbili. Walburga alilipata mara ya kwanza, na akatutangazia. Nyuma yetu Asilimia alikuwa analirudiarudia peke yake, kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Walburga: Wewe unalikariri la nini? Si unataka ifungwe?

Asilimia: Bado nataka ifungwe. Lakini Honi akikwama, nani atamsaidia?