Komredi na Mzee wa Vyama Sita

Kando ya barabara ya machimbo, Kitengela, kuna benchi ambayo Munguti hukalia kila jioni akitoka kupasua mawe, vumbi likiwa bado kwenye kope. Jioni hiyo kifua kilikuwa kimembana na hakuwa na hamu ya hotuba. Lakini Wanyonyi, wanayemwita Komredi, alikuwa amejitoa kwenye chama cha wachimbaji na kuunda chake, wakati kile cha wachimbaji kimekaribia kugoma kudai barakoa za vumbi, na alitaka Munguti amfuate. Alikuja na simu, na ndani ya simu mzee wa Kihindi.

— Devkinath Sahu, alisoma Komredi. Msoshalisti original. Alianza na wachukuzi wa reli, akafungwa jela, akatoka, akakuwa mbunge mpaka akazeeka.

— Ako na ng'ombe ngapi? aliuliza Parmuat, mfugaji ambaye hupima watu wote hivyo.

— Hana. Amevaa shati moja maisha yake yote.

— Basi hiyo shati ilikuwa na mifuko, alisema Gakuru, muuza kahawa. Na vyama alihama?

— Hakuhama. Vilimkosea, akaunda vingine. Mara sita.

— Huyo analipwa na fundi wa bendera. Chama mpya, bendera mpya.

— Zii, alisema Parmuat. Ni jela. Walimfinya na watu wengi kwa selo, sasa akiona watu wamejaa mahali anatafuta mlango.

Munguti alichoka kabisa.

— Komredi, wewe ni mtu wa mawe. Ukipasua jiwe mara moja unajenga. Ukipasua mara sita?

— Kokoto pia inauzwa, alisema Komredi, akajiona amejibu.

Nakhumicha, mpangaji aliyehamia mtaani wiki hiyo, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake.

— Hao wachukuzi wa reli, aliuliza, walipata kile walikuwa wanataka?

Komredi akapekua simu juu mpaka chini. Jela ilikuwepo, bunge lilikuwepo, mashada ya maua yalikuwepo. Wachukuzi walitajwa pale mwanzo tu.

— Hapa hawajaandika.

Munguti akakohoa mpaka kahawa ikamwagika kwenye magoti.

— Na chama yako, mgomo ya barakoa ni lini? aliuliza alipopata pumzi.

— Kwanza tuchague viongozi.

Munguti akamrudishia Gakuru kikombe, akaenda kuwatafuta wenzake wa chama cha zamani.