Shangazi Futi Hashiki Kipanya Chako

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, mkuu wa chumba cha vipimo katika karakana yetu ya miguu ya bandia anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba hii, na ikanisihi niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Mimi ni fundi wa ngozi na mikanda, meza yangu imepakana na ukuta wa chumba chake, na niliyoyasikia kupitia ukuta huo yananifanya uchangamfu unitoke kwa shida.

Alianza kazi hapa akiwa binti mwembamba, katika chumba cha plasta, akikoroga plasta kwenye karai na kusugua meza. Baada ya miaka michache akapelekwa masomoni, akarudi na cheti, akakabidhiwa futi ya kupimia. Tangu siku hiyo futi haikumtoka shingoni. Wagonjwa ndio waliompa jina la Shangazi Futi, na ushangazi ulimkaa vizuri, kwa kuwa anakusema kama shangazi wa kweli: mbele ya watu, kwa faida yako, na bila haraka ya kumaliza.

Wageni wasidhani ni mtu mnyenyekevu. Anajua kwamba anajua, na hukuambia. Mtu akiingia kwa magongo, yeye hutaja urefu wa paja lake kabla hajaketi, kisha hupima na kutuzungushia macho sote ili tuone kwamba hakukosea. Akikosea, hulaumu futi. Aliwahi kumvua viatu mkurugenzi mbele ya wageni wake, akampima, akamtangazia kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo na ndiyo sababu mgongo unamuuma. Kipande cha ngozi cha kuweka kwenye kiatu nilikikata mimi. Mgongo ulipona, na mkurugenzi hakupita tena karibu na mlango ule akiwa na wageni.

Kompyuta zilipoletwa, iliamriwa vipimo vyote viingizwe kwenye lahajedwali: kila mgonjwa na mstari wake, jina mwanzoni, kisha paja, goti, ugoko na unyayo. Shangazi hakujua hata pa kuwashia. Mwanzoni naye, kama sisi wengine, aliuliza mtandaoni, tusimfanye malaika. Aliingia kwenye jukwaa moja la wanaojiita wataalamu, akaanza na salamu, akauliza kwa adabu jinsi ya kujumlisha safu. Wakamcheka. Mmoja akamwambia hayo ni mambo ya chekechea. Mwingine akamwekea picha ya punda. Mpaka leo nikiikumbuka picha ile damu inanichemka. Mtu mzima amekuja na swali lake, ama umjibu ama unyamaze, punda wa nini? Hakuna aliyezaliwa akijua kujumlisha safu.

Yeye hakujibizana nao. Aliazima kitabu cha mafunzo ya mwanzo kwa mpwa wake, akawa anabaki mezani wakati wenzake wanakwenda kula. Alitengeneza faili la kuharibia, akaliita Vuruga, na humo alijaribu kila kitufe mpaka akajua kila kimoja kinafanya nini na kinaharibu nini. Nilimsikia akiitukana kompyuta kwa majina ambayo ratiba hii haiwezi kuyachapa. Kisha siku moja akaacha kuitukana, nikajua ameielewa.

Mtu aliyepitia hayo angeweza kugeuka mchoyo. Hakugeuka. Alikuwa na sharti moja tu: hashiki kipanya chako. Ukimwita huja, husimama nyuma ya kiti chako, hutia mikono mifukoni mwa koti, na kukuuliza umebofya nini. Hapo ndipo wengi walipomchukia. Walitaka mkono wake, hawakutaka swali lake. Wakasema anaringa, wakasema ana roho ya kwa nini. Wakaanza kuuliza mtandaoni mambo ambayo majibu yake yalikuwa yamekaa chumba cha pili, yanakunywa chai.

Nami nitasema wazi, maana ratiba ikishachapwa imechapwa. Haniudhi mtu anayeuliza. Ananiudhi mtu mwenye akili timamu, anayeweza kunyoosha chuma kwa jicho tu, ambaye Jumatatu anauliza jinsi ya kupanga majina, anajibiwa, anabandika jibu bila kulielewa, na Jumatatu inayofuata anauliza lilelile kana kwamba amezaliwa jana. Ukimgusa anakurushia methali: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sawa kabisa. Methali imesema ajifunzalo. Sijaona mahali iliposema anakililo.

Yaliyotokea mwaka jana hayakuandikwa kwenye taarifa yoyote ya karakana, kwa hiyo nayaandika hapa. Mwenzetu tunayemwita Bwana Plasta alitakiwa kupanga wagonjwa kwa alfabeti. Shangazi alikuwa chumbani kwake, mlango wazi. Bwana Plasta akatoa simu akawauliza watu asiowajua. Akaambiwa achague safu ya majina, abofye panga. Akachagua safu ya majina peke yake. Kompyuta yenyewe, chuma kisicho na moyo, ikamwonea huruma, ikamuuliza kama anataka vipimo vifuatane na majina au vibaki vilipo. Badala ya kusoma anachoulizwa, akawauliza tena wale watu. Mmoja wao, ambaye hakujua kama hapa tunatengeneza miguu au tunauza mayai, akamjibu: endelea na ulichochagua. Akaendelea, akahifadhi. Majina yakahama, vipimo vikabaki vilipokuwa. Kila mgonjwa akawa na mguu wa mwenzake, na mafundi wakaanza kukata.

Wa kwanza kuitwa kuvishwa alikuwa mama mmoja mshonaji, anayeendesha cherehani ya kukanyaga. Tangu akatwe mguu kazi yake ilisimama, na wateja wake walikuwa wamekubali kumsubiri mpaka msimu wa sare za shule, si zaidi. Tulimfunga mikanda, mikanda yangu mwenyewe. Akasimama, akaegemea upande mmoja kama meza mbovu. Akauangalia ule mguu mfupi wenye unyayo mdogo. Hakupaza sauti.

"Huu si wangu," alisema. "Huu ni wa mtoto. Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Mtoto mwenyewe, binti wa darasa la nne, alikuwa kwenye benchi la nje na baba yake, akisubiri zamu yake ya kuvishwa mguu wa mtu mzima. Alikuwa amevaa soksi mbili mpya.

Shangazi alitoka chumbani, akatazama skrini, akajua. Sote tulitega masikio tukingoja matusi. Akamwambia Bwana Plasta maneno matatu tu.

"Mimi nilikuwa hapa."

Alisimamisha misumeno. Akawaita wagonjwa wote warudi, akawapima upya mmoja mmoja, akipiga magoti ambayo kwa umri wake hayapendi tena kupigwa. Mguu wa mshonaji ulitangulia kutoka, lakini msimu wa sare ulikuwa umeshapita na wateja wamepata cherehani nyingine. Aliyekwenda kwake kumwomba radhi ni Shangazi, ambaye hakuwa na kosa. Wenye kosa tulibaki tukisema bahati mbaya. Bahati gani hiyo inayokuuliza swali kabla haijakupata?

Baada ya hapo akafungua darasa, kila Alhamisi mchana, katika chumba cha plasta. Alifundisha misingi tu, na msingi wa kwanza ulikuwa huu: mstari ni mtu mmoja, usimkate vipande. Siku ya kwanza tulijaa mpaka dirishani. Wiki iliyofuata tulikuwa nusu. Mwishowe alibaki na wanafunzi wawili, mimi na mlinzi wa getini, ambaye kazi yake haina kompyuta hata moja. Wengine walikuwa na shughuli. Shughuli zenyewe niliziona nikipita koridoni: vichwa vimeinamia simu, wanawauliza wasiowajua. Yeye alitufundisha sisi wawili kwa sauti ileile ya kufundishia ukumbi mzima, na Alhamisi iliyopita alifundisha somo la mwisho.

Sasa nije kwenye zawadi, ambayo ilitakiwa iwe siri. Tulikaa kikao. Nilipendekeza kiti kizuri cha kuegemea, kwa ajili ya magoti yake. Nikashindwa kwa kura. Imenunuliwa simu mpya, kubwa, yenye kioo cha kung'aa, na namba zetu zote zimekwisha kuingizwa ndani. Bwana Plasta alisimama kueleza sababu, akapigiwa makofi: ni ili Shangazi asiwe mbali tukikwama. Mimi sikupiga makofi. Yule binti wa darasa la nne anakua, na mwezi ujao baba yake atamleta apimwe upya. Watu wa kumpima wapo, mashine zipo, na mpango mzima wa karakana ni kumpigia simu bibi aliyestaafu.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila aliyeingia hapa kwa magongo akatoka akitembea, na ahsante pia kwa masengenyo uliyoyasikia ukajifanya hukuyasikia. Tunakutakia asubuhi zisizo na kengele, chai isiyopoa, na wajukuu watakaokuchosha kwa furaha. Simu ni nzuri, ipokee. Wapige picha wajukuu, ongea na dada yako mpaka chaji iishe. Lakini ikilia ukaona ni sisi, usiishike. Tutanuna, tutasema umetusahau, tutakuita mchoyo kwa mara nyingine. Iache ilie. Waliobaki na mguu wa yule binti ni sisi.