Sifa Isiyo na "Lakini"

Benchi la kona, nyuma ya duka la vipuri, lilikuwa na mjadala mmoja tu jioni hiyo, na mwenye mjadala alikuwa Pasi, mnyooshaji nguo wa duka kubwa la dobi la mtaa wa juu. Kikombe cha kahawa kilikuwa mkononi, hanywi. Mchana huo msimamizi wao alimwita ofisini akamsifia. Sasa hapo ndipo penye balaa. Tangu mama huyo msimamizi arudi kutoka semina ya uongozi, hamgombezi mtu bila kumpaka mafuta kwanza: fundi mashine aliambiwa ni mchapakazi, lakini anachelewa, dada wa mapokezi ana sauti nzuri, lakini anawajibu wateja ovyo. Kazini kote sifa ikawa inaogopwa kuliko tusi. Pasi naye kasifiwa, kapewa asante, karudishwa kazini. Ile "lakini" haikuja.

— Haikuja kabisa? aliuliza Wakili, mlinzi wa benki, ambaye mahakamani hajakanyaga ila mdomo anao.

— Kabisa. Nilikaa nasubiri mpaka akaniuliza kama kuna tatizo.

— Basi yako ni nzito. Ndogondogo zinasemwa palepale. Hiyo inatafutiwa mashahidi.

Mzee Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna jipya lisilompitia, aliona mambo yameshavuka hapo.

— Mwanangu, nani anasifiwa bila lakini? Marehemu. Kazi yako ilikuwa inazikwa, na wewe ukaitikia asante.

Pasi akakiweka kikombe chini. Mkewe alikuwa siku zozote anajifungua, na kwao hakuna mshahara mwingine.

— Alikuwa anakutazama wapi? Wakili akahoji.

— Mikononi.

— Si ndiyo hayo! Wanaleta mashine ya kunyoosha. Wanaiiga mikono yako kwanza, halafu kwaheri. Kesho asubuhi acha kazi kabla hujaachishwa. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

— Hiyo si methali ya kazi, alisema Mzee Redio.

— Ni ya mambo yote.

Pasi aliona kweli heri aondoke mwenyewe, asije akafukuzwa mbele ya wenzake. Akasema kesho akifika tu anaaga.

Pembeni alikuwepo mama mmoja mgeni, anasubiri tairi lake lizibwe pancha. Akageuka.

— Samahani kaka, kwani alikusifia nini?

Wakili akamtazama Mzee Redio. Mzee Redio akamtazama Pasi. Pasi alikumbuka feni inazunguka, alikumbuka midomo ya msimamizi ikienda, na yeye kaketi kwenye ncha ya kiti anaivizia "lakini". Katika maneno yenyewe hakushika hata moja. Miaka yote aliyosimama nyuma ya ile meza ya kunyooshea alikuwa akitamani bosi mmoja tu amwambie neno jema. Leo ameambiwa, naye hakulisikia.