Sakafu Inayokula Miguu

Nilikuwa nimepiga magoti, nang'oa ubao uliooza kwa mtaimbo, Yunus muuza kahawa akaingiza kichwa dirishani. Mashua ya Nansio imefika, akasema, na mama mkwe wangu, Bi Sihaba, yumo, pamoja na binti yangu Mwaija. Nami nilijua wanakuja kesho! Safari iliyopita mguu wa Bi Sihaba ulizama kwenye sakafu hii mpaka gotini. Akamchukua mjukuu wake, akaapa hamrudishi kwenye nyumba inayokula miguu. Akilikuta shimo, atageuza na mtoto. Kijiwe chao kiko chini ya dirisha langu, basi nikawaita: Yunus, Venant karani, tunayemwita Gavana kwa ajili ya kofia yake, na Ngosha, ambaye Kirumba nzima hakuna anayemshinda kwa soga. Wakaingia na benchi lao na kahawa yao.

— Bati lilivuja, nimeliziba, nikasema. Sasa ni kuweka ubao mpya tu.

— Bati gani, Mama Mwaija! akasema Gavana. Mbao hizi za Mzungu. Zimesikia uhuru unakuja, zinajiuzulu.

— Basi bomani wangekuwa wanakaa chini, akasema Yunus. Hili ni ziwa. Usiku linapumua, pumzi inapita huku chini.

— Boriti imelegea, nikasema. Mmoja ashuke aiwekee jiwe.

Ngosha, mwembamba kuliko wote, akazama shimoni. Chini ya nyumba kumezungushiwa ukuta wa mawe pande zote. Akawa anasukuma jiwe gizani, mdomo haukufungwa.

— Si pumzi! ikaja sauti yake. Ni kambale. Mvua ikinyesha anatembea kwa tumbo, anaingia humu, anatafuna.

— Kambale atafune mninga? akauliza Gavana, nyundo mkononi.

— Wa Magu anatafuna!

— Acha porojo, wewe!

Nikakata ubao, nikaulaza. Gavana akapigilia, kila msumari na neno lake. Yunus akabisha. Ngosha akawajibu wote wawili. Nikaurukia ubao, haukulia. Nikaenda kusonga ugali.

Bi Sihaba akasimama mlangoni, kamshika Mwaija mkono.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

Akaukanyaga ubao mpya kwa mguu mmoja. Akaukanyaga tena. Uso ukalegea.

— Kambale huyo nimemwona kwa macho yangu! ikasema sakafu.

Bi Sihaba akaurudisha mguu nje. Akatutazama mmoja mmoja.

— Na huyu anayesema, atatokea wapi?

Gavana akatazama nyundo. Yunus akatazama vikombe.

Nikachukua mtaimbo, nikaung'oa ubao wangu mzuri. Ngosha akatoka na utando wa buibui kichwani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nyanyua mguu. Na huo mwingine.

Akanyanyua.

— Afadhali, akasema Bi Sihaba. Siku hizi inawarudisha wazima. Pigilieni, mtoto ana njaa.

Safari hii, kabla ya msumari wa kwanza, niliwahesabu. Baba Mwaija aliporudi kutoka kwenye kinu cha pamba, nikatandika mkeka papo hapo, nikapakua ugali na sato, nikahesabu tena. Walikuwapo wote, Mwaija kati yetu, na wote juu ya mbao.