Jua la Buguruni na Jua la Kigoma

Kijiwe chetu Buguruni kilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya madebe mawili, mbele ya kibanda cha Shamsuddin, fundi wa saa, ambaye sie tulimwita Mshale. Jumapili ile tulikaa tangu adhuhuri. Alikuwepo Marijani, tuliyemwita Ramani, maana ujanani alibebaga minyororo ya wapima ardhi mpaka Ujiji. Alikuwepo Bata, muuza kahawa, anayetembea kama jina lake. Katikati alikaa Hashil, na kikombe chake kilikuwa kimepoa. Binti yake Thuraya alikuja kumuuguza mama yake, akakaa miezi mitatu. Mumewe, Aidarus, mwenye duka Kigoma, alichoka kungoja, akaandika barua: “Ijumaa jua likichwa hujapanda gari moshi, basi hiyo ndiyo talaka yako ya tatu.” Na talaka ya tatu haina kurudiana.

— Hebu tueleze tena, Hashil, alisema Mshale. Thuraya alipanda gari saa ngapi?

— Sikutazama saa. Mama yake alimng'ang'ania mkono, hakutaka kumwachia. Tulifika stesheni mwadhini anaadhini magharibi. Alipokanyaga ngazi ya behewa, adhana imekwisha.

— Basi jua lilikuwa limekuchwa.

— La hapa, ndiyo. La Kigoma sijui.

Hapo ndipo tulipokwama tangu jana. Jumamosi asubuhi Hashil alikwenda kwa masheikh wawili. Wa kwanza alimwambia jua ni la pale alipo mke, kwa hiyo Thuraya kaachika. Wa pili akamwambia jua ni la yule aliyeapa, na yeye yuko Kigoma. Kila mmoja alimfungulia kitabu, na kila mmoja alimpa pole.

— Kigoma lilikuwa bado, alisema Ramani. Mie nimekaa kule. Saa ya stesheni inakwambia usiku umeingia, nawe unatazama ziwani, jua hilo hapo, watu wanaanua dagaa. Ni karibu dakika arubaini.

— Hizo habari za zamani, alisema Mshale. Siku hizi serikali imeweka saa moja nchi nzima. Saa ikigonga Dar es Salaam, na Kigoma imegonga hiyo hiyo. Sasa, nchi ikiwa na saa moja, itakuwaje na magharibi mbili?

— Serikali imeweka saa. Jua haijaliweka.

— Jua nalo lina mwenyewe, lakini aliyeko juu mngoje chini.

— Methali hiyo haikuja kwa ajili hiyo, Mshale.

— Methali ni kama saa, bwana. Ukiipeleka mbele, inakwenda.

Tulicheka kidogo, kisha tukamkumbuka Hashil. Bata akaimwaga kahawa ya Hashil iliyopoa, akamjazia nyingine.

— Mie nafikiri hivi, alisema Bata. Talaka ni neno, na neno lina safari. Katamka Kigoma, barua imekuja na gari siku mbili. Mpaka ikafika hapa, ilikuwa imekwisha nguvu, kama tui la jana.

— Kwa hiyo angetamka kwa simu ya posta ingeshika?

— Ya simu ingeshika sana.

— Wewe Bata hujui kitu, alisema Ramani. Tazama upande mwingine. Gari linaelekea machweo. Alipopanda, akaanza kulifuata jua. Jua limekimbia, na yeye kalikimbilia. Lazima kuna pahala njiani palipokuwa bado mchana.

— Pahala gani?

Ramani akaokota kijiti, akachora reli mchangani. Akatia alama Morogoro, Dodoma, Tabora.

— Hapa. Dodoma. Ndiyo kati. Upande huu wa Dodoma jua ni letu, kaachika. Ukivuka, jua ni la mumewe. Basi kuanzia Dodoma kwenda mbele ni mke wa mtu.

Mshale aliutazama mchoro kwa makini, kama anavyotazamaga ndani ya saa ya mtu. Akasema hesabu haikukaa vibaya.

— Na usiku ule, kabla ya Dodoma, aliuliza Hashil, alikuwa nani?

Bata, ambaye moyo wake ulikuwa mwema kuliko akili yake, akamgusa bega.

— Usihuzunike, Hashil. Kawia ufike. Atafika.

— Atafika kwa nani, Bata? Leo magharibi anashuka. Atakwenda kwenye nyumba ile na tandiko lake, atampikia, atalala pale. Kama kaachika, mie ndiye niliyempandisha gari kwa mkono wangu, nikampeleka kwa mwanamume asiye wake.

Alisema hayo kwa sauti ndogo.

Wakati huo akaja Kokuberwa, mama wa Kihaya aliyehamia chumba cha pili nyumbani kwa Hashil wiki ile ile. Ndiye aliyeachiwa mgonjwa amtazame.

— Shikamooni. Baba Thuraya, mama ameamka, anamuulizia binti. Nimwambie nini?

— Marahaba. Mwambie bado hatujajua.

Mshale akamweleza yote: barua, adhana, masheikh, jua la huku na jua la kule, hata mstari wa Dodoma. Kokuberwa alisikiliza amesimama, mkono kiunoni.

— Nimeelewa, alisema. Na yeye Thuraya, nani kampelekea habari?

Tukatazamana.

— Jana posta ilikuwa wazi, aliendelea, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea adabu. Gari lilikuwa bado njiani. Angepelekewa simu ya maandishi stesheni ya mbele, aambiwe tu kuna shaka, ashukie kwa jirani mpaka mjue.

Mie nilidhani Mshale kapeleka simu, kwa sababu ndiye anayejua kuandika. Mshale alidhani Hashil. Ramani alikuwa anafikiria jua.

Hashil aliinuka, akavaa kofia yake, akashika njia ya mjini, kuelekea posta, akitembea haraka. Ilikuwa Jumapili, na posta ilikuwa imefungwa. Sote tulijua. Tulimtazama mpaka akakata kona, na hakuna aliyemwita kumwambia.