Gathoni wa Kinyanjui na Maji ya Amsterdam

Gathoni Kinyanjui alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kalimoni, kifungua mimba wa mzee Gachanja na mama Ngendo. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, kisha akaenda Thika kujifunza ushonaji. Kwa miaka thelathini na minne alishona sare za shule, na wazazi waliopita kwake wanajua sare moja ilirithiwa na wadogo watatu. Mwaka wa 1974 alifunga ndoa na Philip Kinyanjui, wakajenga Kamenu, hapo hapo Thika.

Kuna jambo ambalo kwa miaka mingi hakulisema. Aprili 1963, wakivuka mto Ndarugu uliofurika, maji yalimpokonya mdogo wake Njau, wa miaka sita, ambaye Gathoni alikuwa amemshika mkono. Mama yao alikataza jina hilo litajwe nyumbani. Tangu hapo Gathoni alivuka daraja la mto Chania akiwa amefumba macho, nasi tusiojua tukamcheka. Leo tunaona haya.

Juni 2018 alimtembelea binti yake Ciku huko Amsterdam, jiji lenye mifereji iliyochimbwa karne nne zilizopita. Wiki mbili alitembea kando ya mifereji hiyo akiambaa na kuta za nyumba. Wiki ya tatu akasema mwenyewe wapande boti. Alipoingia, alimpa kila abiria mkono, kutoka mbele hadi nyuma.

“Mum, hapa si church,” Ciku akamnong'oneza.

“Siwezi enda kwa maji na watu sijasalimia,” akajibu, kisha akaomba kwa sauti. Nahodha alizima injini, akavua kofia, akangoja mpaka amina.

Chini ya daraja la tatu alimwambia Ciku, “Uko na mjomba, anaitwa Njau. Nilikuwa nimemshika. Maji ikanishinda nguvu.”

Miaka hamsini na mitano alikuwa amejihukumu peke yake. Alilia hadi boti ikatia nanga, akajipangusa, akataka wazunguke tena. Kwa ujasiri huo tunamvulia kofia.

Mwaka wa 2023 figo zilianza kumsumbua. Alivumilia kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiwatania wauguzi, hadi alipotutoka asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume wake Philip, watoto wake Ciku na Mwas, na wajukuu watano. Alituagiza tuongeze jina moja: ametanguliwa na mdogo wake Njau Gachanja, 1957 hadi 1963, ambaye hakuwahi kusomewa wasifu.

Mungu awalaze pema, dada na ndugu yake.